Mota ya Papa Imewaka

Kashebere, mwezi wa tisa

Kaka yangu Faustin,

Pokea salamu za nyumba nzima. Ni matumaini yangu kwamba Mungu anakulinda huko Kampala, na kwamba kile kikohozi kimekuacha. Sisi huku tunaendelea. Mama bado anauza chumvi na mafuta ya mawese mbele ya nyumba, ila goti linamsumbua mvua ikikaribia. Papa ni mzima, ingawa mwaka huu kulikuwa na wakati tulimwogopea, kama utakavyosoma. Simu yako imekataa tangu Pasaka, njo maana naandika. Barua naiweka mikononi mwa Mama Victorine anayekuja huko kununua vitenge. Ameniahidi hatampa mtu mwingine yeyote.

Habari kubwa ya mwaka huu ni mota ya Land Cruiser ya Papa. Mwanzoni mwa masika alikuwa anatoka Kitshanga na maharagi. Njiani jiwe lilitoboa karteri, lile bakuli la oili chini ya mota, na oili yote ikamwagika. Papa hakujua mpaka aliposikia mota inagonga kama mtu anapiga nyundo ndani ya pipa. Halafu ikakwama, kimya. Gari ilivutwa na lori mpaka kwa Papa Byukusenge, yule fundi wa pale penye barabara ya Walikale.

Mimi ambaye nilikuwa sijui hata mahali pa kutia maji, nimejifunza mengi, kaka. Papa Byukusenge aliifungua mota yote na kuipanga juu ya turubai, akaniita nione. Pistoni zilikuwa salama. Kilichokufa ni vilbreke, kile chuma kirefu kinachozungushwa na pistoni zote. Kilikuwa kimechubuka vibaya. Nikamuuliza kama hakiwezi kusuguliwa kule Goma kiwe laini. Akaniambia kilishasuguliwa zamani, tena si mara moja, kimekonda. Tukikikondesha zaidi hakuna kusine itakayokikumbatia. Kusine ni zile bati nyembamba zinazozunguka vilbreke, nawe unajua kuliko mimi.

Hata hivyo tulitafuta. Jamaa zetu wa Butembo walipita duka kwa duka, wakajibu kwamba kusine nene kiasi hicho hakuna, na kwamba mota ya namna hiyo wengi wamekwisha kuisahau. Kisha tukasikia kuna gari lililoanguka Kitshanga, lina mota inayofanana. Nilienda mwenyewe kwa pikipiki, nikarudi na vilbreke imefungwa kwenye gunia, mgongo wote unauma lakini roho inacheka. Urefu ulikuwa sawa, matundu yalikuwa sawa. Papa Byukusenge aliifunga, akaizungusha kwa mkono, polepole. Pistoni zikapanda kupita mahali pake. Alizungusha tena, akatikisa kichwa. Ilikuwa ya mota kubwa ya ukoo huo huo. Tungewasha, pistoni zingepiga kilasi, kile kifuniko cha juu cha mota, na kuharibu hata kile kilichobaki.

Siku hiyo Papa alirudi nyumbani. Kuanzia hapo akawa anakaa kwenye kiti chake akitazama barabara, akihesabu magari ya wengine kwa macho. Watu wa vyuma chakavu walikuja kumuuliza kama anauza gari. Hakuwafukuza. Hapo njo nilipoogopa.

Kaka, sasa nakuomba uketi, kama umesimama. Nitataja jambo ambalo nyumbani kwetu halitajwi. Sina njia nyingine ya kukueleza vilbreke tuliipata wapi.

Unakumbuka kwamba Papa na Papa Mbonigaba walinunua magari yao pamoja, mapacha, rangi moja, mota moja. Tangu siku ya lile daraja la miti, siku gurudumu la nyuma la gari letu lilipoteleza na Tuyishime, mtoto wa Papa Mbonigaba, akatupwa mtoni kutoka juu ya magunia, wewe ukiwa kwenye usukani, wazee hawa hawajasalimiana. Wewe uliondoka hata kabla hatujamzika. Papa Mbonigaba aliegesha gari lake kwenye migomba yake, kule mlimani upande wa Masisi, na halijatoka tena. Wote walijua vilbreke inayotufaa iko pale. Papa alijua. Fundi alijua. Hakuna aliyethubutu kuitaja.

Mimi nilienda. Sikumwambia Papa wala Mama.

Nilimkuta Papa Mbonigaba anapalilia viazi. Nilipiga magoti, nikamweleza yote, mpaka habari ya kiti. Hakuacha kupalilia. Mwishoni akasema: “Kétsia, mutoto yangu, rudia nyumbani. Ile gari haitoke pale. Kila mara nilipoiwasha nilisikia kama Tuyishime anasema, Papa, ningojee nipande.”

Nikasimama niondoke. Lakini mke wake, Mama Verdiane, alikuwa amesikia akiwa mlangoni. Alipita katikati yetu bila kunitazama, akaenda kwenye migomba, akaanza kutoa mabati yaliyofunika gari, moja baada ya jingine. Mume wake akamwita. Hakugeuka. Akasema tu: “Gari ikae inaoza, mutoto atarudia? Acha watu wapate njia.”

Papa Mbonigaba alisimama muda mrefu na jembe lake. Kisha akaja akashika bati upande wa pili.

Papa Byukusenge alipanda mlima kesho yake. Maji ya mvua yalikuwa yameingia juu, sehemu kubwa ya mota imeliwa na kutu, lakini chini vilbreke ilikuwa imelala ndani ya oili yake ya zamani, safi kabisa. Aliipima kila mahali na chombo chake, akapima tena, akaniangalia akicheka. Haijawahi kusuguliwa. Kusine zake za kawaida zilipatikana Goma bila taabu.

Sikuweza kumficha Papa. Nilimwambia akiwa kwenye kiti, na nilikuwa tayari hata kwa kofi. Aliuliza jambo moja tu: “Ni yeye mwenyewe alisema ichukuliwe?” Nikasema ndiyo, ni yeye na Mama Verdiane. Akainuka, akaenda kwa fundi, akashika spana pamoja naye mpaka mota ikafungwa, akanawa mikono kwa petroli. Ilipowaka, wanawake wa soko walipiga vigelegele. Papa hakucheka. Aliniambia nipande, akaelekea mlimani moja kwa moja.

Wazee walisalimiana kwa mikono yote miwili. Papa Mbonigaba alizunguka gari, akaweka kiganja juu ya boneti inayotetemeka, akakiacha pale. Halafu Mama Verdiane akanishika mkono, akanipeleka kando, akanipa maneno haya nikufikishie. Nayaandika kama alivyoyasema.

“Umwambie Faustin, sisi hatukumukasirikia juu ya daraja. Mvua ilikuwa mvua. Tulikasirika kwa sababu alikimbia. Watu walituambia njo yeye aliingia ndani ya maji, akamushika, akamutoa. Basi ni yeye peke yake alikuwa naye. Mutoto yangu alisema kitu? Aliita nani? Mimi ninangojea mpaka leo. Aje aniambie. Kama hakusema kitu, aje aniambie vile vile.”

Kaka, hatukujua kwamba hicho njo walichokuwa wakingoja. Wewe ulifikiri wanakungoja kwa ubaya, nasi tulifikiri vivyo hivyo.

Sitakusukuma. Ila Papa amesema utakapofika Goma, ataacha mizigo yote na kuja kukuchukua mwenyewe.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama unakula vizuri. Papa anakusalimu. Papa Byukusenge anakusalimu, anasema mota inaimba. Papa Mbonigaba, nilipomwambia nakuandikia, alisema nikusalimu pia. Mama Verdiane amekwisha kukutandikia mkeka.

Mimi dada yako mdogo akupendaye,
Kétsia Kasika