Moshi kwa Ajili ya Wifi

Jumamosi, 1 Machi

Nimeiona video. Mwenye duka la kadi za mchezo kairusha tangu asubuhi, na kila anayenijua kanitumia, kana kwamba sina macho. Wifi yangu, dada wa mume wangu, amesimama mbele ya kabati la vioo na kikombe cha ushindi. Anaulizwa nani kaijenga ile deki ya nyuki, zile kadi alizochezea. Anacheka kidogo, anagusa nywele. Mwenyewe, anasema. Imemchukua miezi.

Miezi! Miezi ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeona kwamba nyuki, vikadi ambavyo watu walikuwa wanaviacha chini ya meza, wakiwekwa pamoja na Malkia wanazaana mpaka mpinzani hana pa kupumulia. Kadi sitini. Kila moja nimeitoa, nimeirudisha, nimeitoa tena. Nilimwazima wiki moja tu kwa sababu nilikuwa na homa.

Mume wangu kaitazama mara mbili. Eti dada yake katokea vizuri.

Jumapili, 2 Machi

Nimeidai deki yangu. Wifi alikuwa sebuleni anapaka kucha rangi, hakuinua hata kichwa. Kumbe ameshajiandikisha nayo kwenye mashindano makubwa ya tarehe kumi na sita. Atakayeongoza huko ndiye atakayekwenda kuichezea nchi. Mmoja tu. Nikamuuliza kwa nini amesema ni yake. Akajibu kwamba mimi nawakimbia watu, nikikaa mbele ya mpinzani naangalia meza, kwa hiyo deki ingebaki kwenye boksi mpaka lini?

Kilichoniuma ni kwamba hapo hakudanganya.

Mume wangu akaingilia. Sisi ni nyumba moja, cha mmoja ni cha wote. Nikamkumbusha kwamba Malkia wote waliomo kwenye deki ile alinipa yeye, mimi, mkewe, kwa mkono wake. Akaongeza sauti ya televisheni.

Haya. Nimejiandikisha na mimi.

Jumanne, 4 Machi

Kazini. Natengeneza meno ya bandia kwenye chumba cha nyuma cha daktari wa meno, na leo kadi zangu zimelala katikati ya taya za plasta. Taya zote zimenikenulia.

Nyuki wanaogopa nini? Moshi. Kadi ya Moshi ipo, hakuna anayeitaka. Ukiiweka mezani, viumbe wote wadogo wa mpinzani wanarudi mkononi mwake, aanze upya. Wakubwa hauwagusi. Mbele ya deki nyingine yoyote ni takataka. Mbele ya wifi ni msiba.

Nimeingiza Moshi wote nilionao. Nikaongeza Ukame, unaokausha maua wanayotegemea nyuki. Najua deki ile itafanya nini kabla yeye hajajua. Niliizaa mimi.

Jioni namweleza dada wa mapokezi wa kazini kwa simu kwamba najenga deki mpya. Mama mkwe akasikia nusu. Akaniambia nisijichoshe mwanangu, deki imeshapigwa asubuhi, sakafu inang'aa. Ndicho kitu pekee kilichonichekesha wiki hii.

Ijumaa, 7 Machi

Dada wa mapokezi ameushika mchezo haraka kuliko nilivyotegemea. Nimemchorea nyuki kwenye vipande vya karatasi, achezee upande wa wifi. Wakati wa chakula cha mchana nimemfukiza mpaka akaomba poo. Raha iliyoje! Kila Moshi nikiuweka nauona uso mwingine kabisa, si wake.

Halafu akataka kujaribu deki ya tembo, ile inayochezwa na kila mtu. Tembo ni wakubwa. Nilikaa na Moshi mkono mzima kama mtu aliyebeba mwavuli kwenye mafuriko. Kanikanyaga. Tukarudia, kanikanyaga tena.

Akafuta meza, akaniambia taratibu, "Dada, hii deki haichezi mchezo. Inamtafuta mtu."

Nikamwambia arudi mapokezi, kuna mgonjwa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeingia jikoni, wifi anakata vitunguu. Akaniuliza, bila kugeuka, kama Moshi unazuilika kwa kadi ya Upepo.

Nilisikia masikio yanawaka. Moshi nimemwambia mtu mmoja tu nyumbani humu, tena chumbani, mlango umefungwa. Nikamfuata mume wangu. Hakukana. Limemponyoka, anasema, waliketi wanaongea tu, na yeye hapendi kuona nyumba imegawanyika. Hapendi kuona! Ndiyo maana anaigawa akiwa amefumba macho.

Jumatano, 12 Machi

Hatusemezani, mimi na hao ndugu wawili. Chumvi naiomba kupitia mama mkwe.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimebaki na taya zangu na kadi zangu baada ya daktari kuondoka. Najua namna ya kuirekebisha. Nipunguze Moshi nusu, nitoe Ukame wote, niweke mitego ya kuwanasa tembo. Ningekuwa na deki ya kweli. Pengine ningefika mbali. Pengine ningeongoza, mimi ninayewakimbia watu.

Niliipanga hivyo kabisa. Nikaitandaza mezani, ikapendeza.

Halafu nikawaza: nikikutana na wifi, nikashika mitego badala ya Moshi, akanizalishia nyuki wangu mwenyewe mpaka nife, kisha akanyoosha mkono nimpe pongezi.

Nimerudisha Moshi. Wote.

Jumapili, 16 Machi

Ukumbi umejaa, meza ndefu, viti vya plastiki. Naandika vipande vipande. Uhai wetu mezani, yaani pointi za kila mchezaji, tunauhesabu kwenye karatasi yoyote, kwa hiyo hakuna anayeshangaa nikiinamia daftari.

Raundi ya kwanza, mwalimu mmoja mwenye tembo. Nimekanyagwa. Ya pili, tembo tena. Dada wa mapokezi alikuja kunishangilia, sasa anatazama dari. Ya tatu na ya nne nimeshinda kwa bahati, wapinzani walikosea. Haisaidii. Siwezi tena kuongoza.

Wifi kashinda zote.

Wamebandika raundi ya mwisho ukutani. Mimi na yeye, meza moja. Akishinda, anakwenda. Akishindwa, nafasi ni ya yule mwalimu wa tembo.

Amenikuta kwenye korido. Maneno ya kwanza tangu vile vitunguu. Ameniomba nijitoe, kwa kuwa mimi sina cha kupoteza na yeye ana kila kitu. Mume wangu alikuwa nyuma yake, ameshika chupa yake ya maji kama msaidizi wa bondia. Kasema, "Mke wangu, mpe tu." Nikawaambia kadi haziwezi kujichanganya zenyewe, nikaenda kukaa.

Tumeanza. Nilidhani amebadilisha. Alikuwa na siku sita za kubadilisha, siri yangu yote anaijua. Lakini ni nyuki walewale. Kadi kwa kadi, mpangilio wangu, hajagusa hata moja. Hana Upepo hata mmoja. Moshi wa kwanza ukawatimua. Wa pili vilevile. Akawatoa tena, kwa ukaidi, mezani wamejaa. Nimemshusha mpaka uhai wa mwisho, na mimi nimebaki na kidogo sana. Zamu yake ijayo nyuki wananimaliza, nisipoweka Moshi. Nikiuweka, anabaki bila nyuki wa kumkinga, na yeye ndiye kwisha.

Moshi ninao. Mmoja.

Ganda la plastiki linaloikinga kadi ya Malkia wake limepasuka, mwamuzi amesimamisha mchezo akatafute jingine. Tumekaa tunatazamana. Safari hii sikuangalia meza. Nimemuuliza kwa nini hakuibadilisha, alijua nina Moshi.

Kaongea chini chini, midomo haifunguki vizuri.

"Nilijaribu, wifi. Sijui kujenga. Kila nikitoa kadi moja, yote inaanguka. Yako sijui hata kwa nini inasimama."

Yako. Kasema yako. Wiki mbili nimelisubiri neno hilo, na limekuja kwa kunong'ona, mahali ambapo hakuna anayesikia, kutoka kwa mtu anayehitaji nimwonee huruma. Kweli au mbinu? Macho yake mekundu. Hata kwenye video yalikuwa yanang'aa hivyohivyo.

Nimemwambia aseme kwa sauti. Mwenye duka yuko pale mlangoni na simu yake, anarekodi kila kitu. Amwambie yeye.

Amemtazama kaka yake. Mume wangu anasoma maandishi kwenye chupa ya maji.

Hata akisema nitauweka. Nadhani nitauweka.

Mwamuzi anarudi na ganda jipya. Wifi amesimama, kiti kimelia sakafuni, meza za jirani zimegeuka. Ameinua mkono kumwita mwenye duka, na huyo anakuja, simu juu. Mwamuzi anasema zamu ni yangu, niweke kalamu chini, niche—