Salamu za Bi Rukia wa Kaole

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Mvua ya Bagamoyo inapiga mabati ya nyumba ya wageni bila kufuata mapigo, nami sina wa kumlalamikia. Mchana nilikwenda kununua pweza. Niliposema, "Tia na pilipili, mama," muuzaji akaweka kisu chini.

"Sauti hii naijua! Wewe ndiye wa kipindi cha jazi redioni. Ulikuwa ukisoma kadi zangu za salamu."

Akaniambia jina lake, akaniomba nimtaje kama zamani. Nikasema palepale, kwa sauti ya redioni, "Bi Rukia wa Kaole." Akajifuta macho kwa kanga.

Miaka yote nilisoma salamu za wengine na kukosoa saksafoni za wengine. Hapa hakuna aliyeniita kwa jina tangu nifike. Mola akutunze, dada. Kadi hii isome kwa sauti, mpaka mwisho.

Nduguyo,
Idrisa