Mkia wa Ndege Nilioushona Mwenyewe

Okolona, Louisville

Shangazi yangu Vumilia,

Kabla sijakuamkia, acha nitoe hili lililonikaa kifuani, maana nikianza na salamu nitapoteza ujasiri. Shangazi, nimeendesha ndege. Sisemi nilipanda kama abiria. Niliiendesha kwa miguu yangu, dakika chache tu, juu ya mashamba ya Ohio. Na ni ndege inayoonekana kama ya vita. Mama hajui, Baba hajui, hata mdogo wangu Grace ninayelala naye chumba kimoja hajui. Wewe ndiye wa kwanza.

Sasa shikamoo. Goti lako limepungua uvimbe? Mama alisema umekataa kupumzika kwa sababu ni msimu wa sare za shule na cherehani haiwezi kukaa bure. Sisi ni wazima. Kaka yako bado yuko kwenye kiwanda cha vipuri vya magari, amenenepa kidogo na hataki kuambiwa. Mama anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Grace anaelewa Kiswahili chote, ila akiitwa anajibu "What?" kwa Kiingereza, na Mama humwambia, "Huyo Wati ni nani? Mimi nimemwita Grace."

Nimechagua barua kwa sababu naijua simu yako. Nikikutumia sauti, utaisikiliza mbele ya wateja wote, na kabla nguo haijapigwa pasi wifi yako ameshapigiwa. Barua hii anaileta mzee wa kanisa letu anayekuja Kigoma kuwaona ndugu zake. Nimeifunga kwa gundi.

Nilipomaliza shule nilipata kazi kwenye bohari ya viatu. Naweka viatu kwenye maboksi, naweka maboksi kwenye boksi kubwa, basi. Njia ya kwenda kazini inapita kando ya uwanja mdogo wa ndege, na huko kuna karakana ambayo milango yake huwa wazi. Siku moja nilimwona mzee ndani, amekaa kwenye kiti kifupi, anashona kitambaa kwa sindano ndefu kama mkono wangu. Nilisimama nikatazama. Kesho yake nikasimama tena. Siku ya tano akasema bila kugeuka, "Binti, ingia au uanze kulipa kiingilio."

Unanijua. Nilitaka kukimbia. Lakini nilikuwa nimetazama siku tano na kitu kilikuwa kinaniuma, kwa hiyo neno la kwanza nililomwambia, bila hata salamu, lilikuwa, "Uzi wako umelegea."

Akanitazama. Akautazama uzi. Akanipa sindano.

Jina lake ni Dale. Ni fundi na ni rubani, na kazi yake ni ya ajabu kidogo, acha nikueleze. Watu wa filamu wakitaka kuonyesha vita vya zamani, ndege halisi za adui hawazipati. Nyingi ziliungua au zilizama, na chache zilizobaki zimewekwa makumbusho. Lakini ndege walizojifunzia marubani wa wakati ule zilitengenezwa kwa wingi sana na bado zinaruka. Basi Dale huchukua ndege hiyo ya mafunzo na kuivisha. Anabadilisha pua, anachonga ncha za mabawa, anaupa mkia umbo jingine, anapaka rangi na alama za adui. Ndege ya mafunzo ina viti viwili, cha mwanafunzi mbele na cha mwalimu nyuma. Ya vita huwa na kimoja. Kwa hiyo kiti cha nyuma hufunikwa kisionekane kwenye picha. "Ni mwalimu mzee," Dale huniambia, "tunamvalisha gwanda aigize."

Kinachonihusu mimi ni mkia. Ule upande wa mkia uliosimama, unaogeuza ndege kushoto na kulia, haukufunikwa kwa bati. Ni kitambaa, Shangazi. Kitambaa kilichovutwa juu ya mbavu za bati jepesi na kushonewa kwa uzi wenye nta, fundo moja baada ya jingine, umbali uleule, mkazo uleule. Fundo moja likilegea, kitambaa kinaanza kupiga upepo huko juu na hakuna atakayepanda kukikaza. Nikakumbuka ulipokuwa ukinifundisha kushona, ulivyonifumulisha kola ya ile sare mara tatu, mpaka nikalia. Sikuwahi kukushukuru kwa zile mara tatu.

Kila Jumamosi nilikwenda kushona. Mama alijua nashona kwa mzee mmoja, hakuuliza anashona nini, nami sikusema. Nyumba yetu iko chini ya njia ya ndege za mizigo. Tangu vita tulivyovikimbia mpaka leo, ndege ikipita Mama anaacha neno katikati, anangoja iishe, ndipo anamalizia. Ningemwambiaje?

Mkia ulipokaribia kwisha Dale akanikalisha. Alisema kwa kuwa umbo lake limebadilishwa, ndege haitaruka mpaka mkaguzi aidhinishe. "Akiutia sahihi mshono wako," alisema, "nakuchukua uwe fundi mwanafunzi, kazi ya kila siku, na utasomea cheti. Akiukataa, filamu inatafuta mwingine, na mimi sina kazi ya kukupa. Utarudi kwenye viatu vyako." Hakusema kwa ukali. Alikuwa anapangusa miwani.

Ukaguzi ulikuwa Columbus, huko Ohio, ndege ilikokuwa inapakwa rangi. Tuliupeleka mkia kwa lori, Dale akanishusha njiani, akaenda kuufunga mahali pake. Nililala Hilliard kwa Dada Njeri, Mkenya aliyekuwa akiimba nasi kanisani kabla ya kuhamia huko kwa kazi ya unesi. Aliandaa ugali na sukuma wiki mezani akaniuliza, "Ati unashonea ndege nguo? Kwani inaenda harusi?" Nilicheka mpaka nikasahau kuogopa, kisha nikakumbuka, nikashindwa kula.

Asubuhi nilifika karakana kabla ya wengine. Nikaiona ndege, Shangazi, nikashtuka. Ilikuwa chafu kupita kiasi. Matope tumboni, mafuta yametiririka, moshi mweusi umeshika ubavu mzima. Na mkaguzi anakuja. Ungefanya nini wewe, mgeni yuko njiani na nyumba iko hivyo? Nilitafuta ndoo, sabuni na kitambaa. Nikaiosha. Niliisugua kutoka puani hadi mkiani kwa saa mbili nzima, mpaka ikang'aa kama sufuria za harusi.

Waliingia wote pamoja: Dale, mkaguzi anayeitwa Otis, na dada wa filamu anayesimamia mwonekano wa ndege. Dada yule akasimama mlangoni.

"Uchafu wangu uko wapi?" aliuliza.

Kumbe ule uchafu ulikuwa umepakwa. Siku tatu alikuwa akiupaka kwa brashi, ili ndege ionekane imetoka vitani, na ulikuwa unangoja kupuliziwa kitu cha kuushikisha. Dale alikaa juu ya ndoo yangu akashika kichwa. Nilisema, "Nimeosha kwa sababu mgeni anakuja," na sauti ilitoka kama ya kuku mgonjwa.

Otis, mgeni mwenyewe, alimpita Dale pale kwenye ndoo. Alichukua tochi na rula, akapiga magoti kwenye mkia. Alipima fundo kwa fundo. Alibonyeza kitambaa kwa kidole gumba. Ilichukua muda mrefu. Kisha akauliza nani ameshona, Dale akaninyooshea kidole.

"Sitii sahihi kazi ya mtu asiyeweza kunieleza alichofanya," alisema Otis. "Unaongea, au unaosha tu?"

Shangazi, shule nzima sikuwahi kunyoosha mkono darasani. Unajua hata kusali kwa sauti siwezi. Nilitazama mkia. Nikaanza na fundo la kwanza la chini, kwa sababu ndilo nililoanza nalo. Nikaeleza uzi unavyopita ubavu huu na kutokea ule, kwa nini naukaza nikiwa natoa pumzi, wapi nilifumua nikarudia kwa kuwa niliona umbali umezidi. Nilipofika katikati niligundua nasikia sauti yangu na haitetemeki. Nilieleza mpaka fundo la mwisho.

"Nani amekufundisha?" akauliza.

"Shangazi yangu."

"Ana karakana?"

"Ana cherehani."

"Anashona ndege gani?"

"Sare za shule."

Otis akamgeukia Dale. "Miaka yote hii nakagua mishono chini ya matope ya filamu," alisema, "leo nimeiona." Akatoa kalamu, akatia sahihi. Dale aligeuka akakohoa kwa muda. Nadhani hakuwa na kikohozi.

Lakini uchafu ulibaki kuwa deni langu kwa yule dada. Alitaka kuanza upya na brashi zake. Nikamwuliza, nikiwa bado na ile sauti mpya, kama ana mkaa. Moshi wake ulikuwa umekaa vibaya tangu mwanzo, umepakwa sawasawa kama ukuta. Masizi hayakai hivyo. Mtoto aliyesugua sufuria kwenye kambi ya wakimbizi anajua: ni mazito pale moto unapotokea, halafu yanafuata njia ya upepo yakipungua. Nilisaga mkaa kwa chupa, nikachanganya na mafuta ya kupikia, nikapaka kwa kitambaa kuanzia kwenye bomba la moshi kurudi nyuma. Dada alikunja mikono akitazama. Msaidizi wake alipotaka kunirekebisha alimwambia, "Mwache. Huyu ameona moto."

Siku iliyofuata ndege ilitakiwa Buffalo kwa kupigwa picha juu ya ziwa. Kiti cha nyuma kilikuwa hakijafunikwa bado. Dale akaniuliza, "Utaruka na mkia wako, au unauamini ukiwa chini tu?" Nikapanda. Niliomba Zaburi yote ninayoijua, nikaimaliza kabla hatujaacha ardhi.

Juu kule kelele ni nyingi na ni baridi. Chini ya miguu yangu kulikuwa na pedeli mbili zinazosogea zenyewe, kwa sababu za mwanafunzi na za mwalimu zimeunganishwa. Kila Dale alipokanyaga mbele, zangu zilisogea, na nyuma yangu mkia ukatii. Kisha nikasikia kwenye vipokea sauti, "Weka miguu. Sukuma wa kushoto, polepole." Nikasukuma. Pua ya ndege ikageuka kushoto, taratibu, na shamba zima la mahindi likahama mbele yangu. Kilichoigeuza ni kitambaa, uzi na mikono hii. Sikulia. Nilicheka peke yangu, Dale akanisikia.

Buffalo nilisimama ufukweni mwa ziwa nikaitazama ikipita chini chini juu ya maji, nyeusi kwa masizi yangu, ikigeuka ghafla kushoto na kulia mbele ya kamera. Mkia haukutikisika. Jumatatu nimeanza kazi kwa Dale. Viatu nimeviaga.

Nisalimie mume wako na mwambie asikuchokoze kuhusu goti. Msalimie Bibi mzaa Baba, na wanafunzi wako wa kushona, hasa yule anayelia akifumulishwa. Baba anakusalimu bila kujua nimekuandikia.

Shangazi, Mama usimwambie. Si kwa sababu naogopa atanikataza. Nataka alisikie kutoka kinywani mwangu, nikiwa nimesimama mbele yake, tangu fundo la kwanza hadi la mwisho, na ndege ikipita juu ya nyumba nitangoja naye mpaka iishe kisha niendelee. Bado natafuta siku. Mpaka nikupigie mwenyewe na kusema ameshajua, tafadhali kaa na siri hii wewe tu.

Ni mimi binti yako,
Ombeni