Mimba Baada ya Tohara ya Muthomi

Jumapili, 4 Mei 2025
Miezi minne sasa. Nilijidanganya ni hedhi inakoma — kumbe ni mimba! Miaka arobaini na nne! Na Muthomi, kifungua mimba wangu, alitahiriwa Desemba. Hapa Kibirichia mtoto wa kwanza akishatahiriwa, mama hazai tena. Ni aibu. Nimemwambia Riungu. Mume wangu ameangalia sakafu, akasema nivae sweta kubwa. Sweta! Utadhani nilijipa mimba mwenyewe.

Jumatano, 18 Juni
Mama mkwe amegundua. Amenicheka mbele ya vibarua wa kuchimba waru, viazi vyetu vya shambani. Eti nashindana na mwanangu, tuone nani ataleta mtoto kwanza. Riungu alikuwa hapo hapo. Akaendelea kujaza gunia. Kliniki ya hapa siendi ng'o — nesi Joyline tunaimba naye kwaya.

Alhamisi, 7 Agosti
Miguu imefura, viatu haviingii. Nimetoroka hadi Meru mjini, kliniki nisikojulikana. Nesi akauliza umri. Nikasema thelathini na tano. Mimba ya ngapi? Ya pili. Uongo mtupu, hii ni ya nne. Akapima presha mara mbili, uso ukabadilika. Nirudi Jumatatu, bila kukosa.

Jumanne, 12 Agosti
Sikurudi. Riungu alisema watu wataanza kuuliza naenda wapi. Nikamsikiza. Mjinga mimi!

Jumamosi, 23 Agosti
Hospitali, Meru. Kichwa kinapasuka tangu asubuhi, naona vimulimuli. Nimekuja peke yangu. Riungu alikuwa na ng'ombe wa kukamua.

Nimemwambia daktari ukweli wote: umri, mimba nne, hata ile ya tatu ilikuwa na presha. Hakunigombeza. Amesema tu mama wa umri wangu huangaliwa kwa karibu tangu mwanzo, angenipa dawa mapema. Sasa mtoto lazima atolewe leo, na miezi yake saba na nusu, la sivyo tutapotea wote wawili. Ningelia, lakini nina hasira sana.

Nimempigia Riungu. Nimesema napasuliwa sasa hivi, huenda nisitoke. Akauliza kama kuna mtu wa kwetu ameniona huku.

Nimekata simu.

Nesi amesimama hapa na fomu. Anauliza kama tumngoje mzee. Nimemwambia hapana, lete nisaini —