Majina Mawili Ukutani

Jumatatu, 3 Oktoba 2011

Kikao na watu wa ushuru leo. Waendesha toyo, hizi pikipiki za abiria, wote wa Newala mjini tumejazwa uwanjani, jua la utosi. Kwa kifupi: kabla mwezi haujaisha kila toyo ilipiwe ushuru, ibandikwe stika, dereva avae kizibao chenye namba, na awe na kijiwe kinachomtambua. Huna kijiwe — huna namba. Huna namba — toyo inalala polisi. Watu wamezomea, wamepiga kelele, mwisho wamekubali. Ndivyo tulivyo.

Kijiwe chetu cha sokoni tuko kumi na wanne. Orodha aandike nani? Baba Faidha kanyoosha kidole. Jina lake Mujibu, ndiye mwenyekiti wetu. Kasema aandike yule Myao wetu, yule bubu — sisemi sana mimi — ana mwandiko. Wakacheka, nami nikacheka. Utani wa Wamakonde na Wayao, mtu huwezi kununa.

"Wetu"! Mwaka na nusu niko Newala, sijawahi kuitwa hivyo.

Alhamisi, 6 Oktoba

Orodha imekataliwa. Mistari nimepiga kwa rula, herufi nimezilaza vizuri — imekataliwa! Bwana Cecil wa ushuru kaiweka kando ya nakala za leseni, akaniuliza hawa ni watu gani. Majina kumi hayafanani.

Cecil ni mtu wa Bukoba, atajuaje. Leseni tulizipata kwa cheti cha darasa la saba, na shule wengi tuliandikishwa kwa majina ya utotoni, kabla ya jando. Ukitoka jandoni una jina jipya. La zamani limebaki porini. Mtu mzima ukimwita nalo umemtukana, umemrudisha kwenye utoto mbele za watu. Wamakonde hivyo, sisi Wayao hivyo hivyo. Watu wameshikiana mapanga kwa ajili hiyo.

Kanisikiliza mpaka mwisho, mtu mstaarabu. Kasema basi niandike yote mawili, la leseni upande huu, la kuitwa upande ule, ajue nani ni nani.

Nimewaambia kijiweni. Baadaye Baba Faidha kasema sawa, lakini kila mtu ataniletea mimi, Nurdini, peke yake. Wengine wasisikie.

Jumapili, 9 Oktoba

Wageni! Chumba changu hakijawahi kuona mgeni. Kiti ni kimoja, mimi nimekaa kwenye dumu la maji siku nzima.

Wamekuja mmoja mmoja, kama watu wanaokwenda kwa mganga. Wengine wamenong'ona. Mmoja kaandika kwenye kiganja, nikasoma, akafuta kwa mate. Baba Faidha kaja jioni na mihogo mibichi imefungwa kwenye kanga. Katoa leseni, kidole gumba juu ya jina. Tumezungumza wee, korosho, bei, ukungu wa asubuhi ile barabara ya Mkunya — kidole bado kipo pale pale. Halafu kakiondoa. Jina baya. Wazazi walizika watoto watatu kabla yake, wakampa jina la kukirihisha ili kifo kimpite. Sitaliandika hata humu.

Kanywa chai vikombe viwili. Kaniuliza kwa nini niliondoka Chiwata. Nimemwambia mama alifariki, nikafunga nyumba. Mke aliondoka zamani, mtoto hatukujaliwa. Hapa kila mtu ni Baba fulani, mimi Nurdini tu. Kasema pole. Kasema mtu hakai peke yake hivi, wewe una watu hapo kijiweni.

Nimelala na furaha. Niseme ukweli, nimelia kidogo.

Jumatano, 12 Oktoba

Nimepeleka. Safu mbili, wino wa bluu na mweusi. Langu nimeliandika la mwisho, namba kumi na nne. Cecil kaishika mbali na macho kama picha. Kasema tangu aanze kazi hajaona mwandiko kama huu, akaita na wenzake waje waone. Kichwa kikavimba!

Akauliza: orodha za vijiwe tunabandika ukutani nje watu wahakiki, hii niibandike kama ilivyo?

Nikasema bandika.

Ijumaa, 14 Oktoba

Ewe Mola wangu.

Niliona mwandiko wangu tu. Wallahi niliona mwandiko tu, sikuona majina.

Nimefika ofisi ya ushuru saa nne na abiria wa Mnyambe. Watoto wa shule wamejipanga ukutani wanasoma kwa sauti, kama darasani. La kwanza, la pili. Wakifika la Baba Faidha wanaanguka kwa kucheka. Na kati ya watu waliosimama pale — mama mkwe wake, kaja mjini na korosho zake. Kajifunika kanga usoni, kaondoka bila kuaga mtu.

Nimeichana. Vipande nimevitia mfukoni. Cecil katoka mbio, nikamweleza tena, akashika kichwa. Kasema lakini nilikuuliza, mzee. Kweli aliniuliza. Tukaandika nyingine ndani, ya majina ya leseni tu, ikafungiwa kabatini. Stika watapata wote.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mji mzima umeshasoma.

Jumatatu, 17 Oktoba

Nimesalimia kijiweni. Hakuna aliyeitikia.

Jumatano, 19 Oktoba

Hawajanipiga. Ningependa wanipige, yaishe.

Zamu yangu inarukwa. Abiria anakuja, wanamwita anayenifuata, kana kwamba pale nilipo pana nafasi tupu. Bibiana muuza uji ananimiminia, anaweka kikombe, anageuka. Leo nimemwuliza, mama, nawe pia? Kasema baba, mimi nina wateja kumi na watatu upande ule.

Na kuna fomu. Kila dereva mwenyekiti wake amsainie kwamba anamtambua. Wenzangu wote wameshasainiwa, vizibao wanavyo, wamekaa benchini wanang'aa. Yangu bado. Mwisho keshokutwa saa tisa. Bila sahihi ya Baba Faidha sina kijiwe Newala nzima — nani mwingine atanichukua, kila kijiwe wamesikia.

Nitarudi Chiwata nikafanye nini? Nikafungue kufuli, niseme hodi, nijiitikie mwenyewe?

Ijumaa, 21 Oktoba

Saa nane kasoro. Naandika hapa hapa benchini, mwishoni, daftari juu ya goti. Wanaona. Basi waone.

Nimekuja na fomu. Nimesimama mbele ya Baba Faidha mbele ya watu wote, nimesema nimekosa, si la kutetea. Hakunitazama. Kapokea fomu, kaikunja, kaishika. Nikarudi nikakaa.

Halafu kainua kichwa, akaniita. Kwa sauti kubwa ya sokoni, hata Bibiana akaacha kumimina uji — kaniita jina langu la utotoni. Namba kumi na nne, safu ya kwanza.

Salia.

Wote wakanigeukia. Walijua kinachofuata: nirushe ngumi, au niwashe toyo niondoke na nisirudi. Nami nilisimama, ngumi nimekunja kweli.

Lakini mama ndiye aliyeniita hivyo. Chumbani, mlango umefungwa, hata nilipokuwa na mvi, kwa kuwa ndugu zangu wawili walitangulia nikasalia mimi. Siku aliyofariki aliniita mara mbili. Tangu hapo hakuna mtu duniani aliyelitamka. Miezi kumi na tisa.

Nikaitika. Nimesema, "Naam."

Mtu mzima! Hata Jafari, mwenye mdomo kuliko wote, kaangalia chini. Baba Faidha kaniuliza, "Umesemaje?" Nikamwambia, "Nimeitika, Baba Faidha. Umeniita."

Hajasaini. Hajanirudishia fomu. Kalamu ya Bibiana kaiazima, anaigeuzageuza. Hakuna anayecheka. Saa nane na nusu sasa.

Ameniita tena. Jina lile lile, ila polepole, kama anayejaribu mlango.

Nimeitika tena.