Baba Hasikii Breki za Gari Lake

Shangazi mpendwa, nakuandikia nikiomba unisaidie, maana jambo hili sijamwambia mtu, hata mama, hata rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja mpaka tulipomaliza shule: breki za gari la baba zinalia, na baba hazisikii.

Baba hubeba watoto wa shule kwa kigari cha kijivu, na tangu nimalize mitihani naenda naye kuwafungulia mlango na kuwafunga mikanda, na kwanza nataka ujue kwamba sijaona dereva kama yeye. Anajua nani hutapika akikaa nyuma, anajua nani lazima apungiwe mkono na mama yake kabla gari halijaondoka la sivyo atalia njia nzima, na akikanyaga breki hukanyaga kama mtu anayeweka yai mezani, hata mtoto aliyesinzia haamki. Ni yeye aliyenifundisha kwamba breki zikilia kidogo asubuhi baada ya mvua si kitu, ni kutu nyepesi ya usiku na itafutika, lakini zikilia kila unapokanyaga, hicho ni kibati kidogo kilichofungwa kwenye pedi, ile inayoibana diski ya gurudumu, makusudi kiiguse diski hiyo, kikuambie pedi imekwisha. “Breki ni muungwana,” husema, “hubisha hodi kabla ya kuingia.”

Sasa zimebisha hodi na baba haitiki. Zilianza kwa mlio mwembamba kama filimbi, watoto wakawa wanauigiza, kila tukisimama wote kwa pamoja “Kwiiii!”, wakaliita gari Panya, na baba hucheka nao akidhani wanalitania kwa udogo wake na rangi yake. “Panya wenu huyu anakunywa petroli kuliko tembo,” huwaambia. Dereva mwenzake alimpigia kelele pale kwenye lango la shule, “Mzee, gari lako linatafuta mchumba nini? Linapiga miluzi!” Baba akajibu, “Wivu tu huo!” halafu akanitazama haraka, nami nikatazama viatu vyangu.

Nilijua ni masikio siku aliyokaa jikoni kando ya birika la filimbi, likapiga filimbi mpaka maji yakakauka, naye ametulia anakunja soksi zake. Zamani alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao, nadhani misumeno ndiyo iliyomharibia. Sauti ya mama ni nzito, anaisikia vizuri. Yangu ni nyembamba, na mara nyingi nikimuuliza kitu hujibu “haya, haya”, kama vile sikuuliza.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba wiki hii mlio umebadilika. Kwenye mteremko wa kuingia shuleni si filimbi tena, ni mkwaruzo, kama sufuria linaloburutwa kwenye saruji, na nilisimama nje akiegesha nikahakikisha kwamba unatoka gurudumu la mbele kushoto. Kila jioni akizima gari huniuliza, “Haya mama, leo gari limesemaje?” nami hujibu, “Limenyamaza, baba,” kwa sababu nikisema kweli atajua kwamba hasikii, na wazazi wakijua watawahamishia watoto kwa dereva mwingine, na baba asiye na usukani mimi simjui, sijui hata atakaa wapi mchana.

Nifanyeje, Shangazi, breki zitengenezwe bila baba kujua kwamba najua? Ukiichapisha barua hii badilisha rangi ya gari, na tafadhali sana, hii iwe siri yetu, usimwambie mtu.

Msichana wa mlangoni

*

Binti yangu,

Rangi ya gari nimebadilisha, na jina lake la utani pia. Hapo tulia. Mengine sikukuahidi.

Nimesoma barua yako mara mbili kwa raha, maana ni watoto wachache wanaowatazama wazazi wao kwa makini hivyo. Sasa nikugombeze. Mkwaruzo huo ni chuma juu ya chuma. Pedi imekwisha, diski inaliwa, na ule ukanyagaji wa yai mezani ndio uliowafikisha hapa salama. Siku mtoto wa mtu atakapokatiza mbele yenu, upole wa mguu hautasaidia kitu. Unawezaje kumfunga mtoto mkanda kwa mikono miwili halafu ukafunga na mdomo?

Na kuna jambo umeliandika wewe mwenyewe ukalipita. Dereva anayejua nani hutapika na nani hulia, kwa nini akuulize wewe kila jioni gari limesemaje? Mwenzake alipomtania, kwa nini alikutazama wewe? Baba yako anajua, mwanangu. Huenda hajui kwamba ni breki, ila anajua zipo sauti zinazompita, na ameona haya kulisema. Amekuja kuazima masikio kwako. Nawe, kwa heshima zako zote, kila siku unampa uongo.

Basi kesho gari lisitoke. Leo hii kaa mbele yake akuone midomo, usimwite kutoka nyuma, wala usipaze sauti, maana sauti nyembamba ikipazwa huzidi kuwa nyembamba. Ishushe, sema polepole: “Baba, gurudumu la mbele kushoto linasaga.” Usianze na masikio. Anza na gurudumu, masikio atayaleta mwenyewe. Wazazi wapigiwe simu mapema watafute usafiri mwingine. Dereva anayesema “Gari langu haliko sawa, leo sibebi mtoto” hakimbiwi. Mimi ningempa na wajukuu zangu.

Wekeni mawe nyuma ya matairi, pigeni jeki, gurudumu litoke. Nadhani mahali pa pedi mtakuta bati tupu. Pedi zibadilishwe kushoto na kulia kwa pamoja, msije mkabadilisha upande mmoja gari likaanza kuvuta. Pitisheni ukucha kwenye diski: ukikwama kwenye mifereji, fundi aipime, na ikiwa imeliwa sana ibadilishwe. Mwombeni pia aangalie zile pini ambazo kibano cha breki, kile kinachozishika pedi, huteleza juu yake, kwa kuwa upande mmoja ukiisha peke yake mara nyingi pini imekwama, na msipoisafisha na kuitia grisi yake, pedi mpya nazo zitakwenda njia hiyo hiyo. Mkimaliza, kanyageni breki gari likiwa limesimama mpaka kanyagio liwe gumu. Ndipo mlizungushe mtaani, bila mtoto ndani.

Masikio nayo yakapimwe hospitali kabla hajawabeba tena watoto. Daktari ndiye wa kusema kama aendelee kuendesha. Si kazi yako kumficha, wala si yangu kumhukumu. Vipo vifaa vya kuvaa sikioni, na wangapi wanaendesha kwa miwani wala hawachekwi? Na mama yako aambiwe. Mwanamke aliyeunguliwa na birika jikoni kwake hahitaji kudokezwa sana.

Najua ulivyo. Ukishasema utataka kukimbilia chumbani. Usiondoke. Watu wa aina yake wakiambiwa jambo zito huanza kutafuta pa kuweka mikono. Mpe spana.

Shangazi