Ukuta Kando ya Mto Njoro

Jumatatu, 4 Februari 1957
Leo tena kubeba fito za kupimia, juu na chini ya mto Njoro. Mzungu mpima ana picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Sisi tunatembea kuhakikisha kila kitu kipo, ndipo achore ramani. Miguu imevimba. Viatu vimekufa.

Jumatano, 6 Februari
Nimetafuta makaburi yetu ya vibarua kwenye picha. Hakuna. Nyasi tu. Baba yuko chini ya nyasi hizo. Mpima anasema sheria ni moja: makaburi yenye ukuta yanachorwa, yasiyo na ukuta ni malisho. Na meneja wa shamba ametangaza kwamba kisichokuwa kwenye ramani kitalimwa kabla ya mvua. Nina hasira mpaka chakula hakipiti.

Jumapili, 10 Februari
Mama na mimi tumebeba mawe ya mtoni tangu tulipotoka kanisani. Pande mbili za ukuta tayari. Mama anasema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba hiki hakijai.

Jumatano, 13 Februari
Mawe kila jioni baada ya kazi. Mgongo umekataa. Mpima anafika upande wetu kesho na mawe hayatoshi. Nimeusogeza ukuta ndani, uzunguke kaburi la baba na mengine machache.

Mama akauliza, "Na mtoto wa Nekesa tunamwacha nje?"

Nekesa ni jirani yetu. Niliendelea kupanga mawe.

Alhamisi, 14 Februari
Mpima ameuona ukuta. Akagusa udongo wa katikati ya mawe, ukambakia kidoleni. Bado mbichi. Akanitazama sana. Nikajua kazi nimeipoteza. Halafu akatoa penseli, akachora kisanduku kidogo kuliko punje ya wimbi. Mama akasema, "Asante, bwana." Mimi sikuwa na nguvu hata ya kufurahi.

Jumapili, 17 Machi
Trekta imelima wiki hii. Ukuta haikuugusa. Nje yake ni udongo mtupu, mifereji imenyooka mpaka mtoni.

Baada ya kanisa Nekesa alinijia. Kwa kuwa mimi ni mtu wa vipimo, akaomba nimwonyeshe mtoto wake yuko wapi. Nilihesabu hatua kutoka ukutani, nikasimama, nikamwonyesha kwa kidole. Akapiga magoti hapo.

Sikuwa na hakika.